Kushangaa kwa Kiingereza: neno lipi la wakati gani?

Umezama kwenye kazi, mtu anakuja kwa nyuma anakugusa bega, unaruka. Kwa Kiswahili unamwambia, "Lo, umenishtua!" Wengi wetu tukiigeuza hiyo kwa Kiingereza tunasema "You shocked me", na Mwingereza huenda akaanza kujikagua amekosea nini. Kwake "shock" ni jambo zito, habari ya kifo kwa mfano, au ubaya ambao hukuutarajia kwa mtu unayemheshimu. Aliyekugusa bega amekufanya uruke tu, na neno lake ni "You startled me." Hilo ni neno la mwili kuliko la moyo. Ni ndugu na "start", ambalo zamani lilimaanisha kuruka au kuchupa kabla halijawa la kuanza.

Tatizo letu ni kwamba "kushangaa" na "kushtuka" yanabeba mzigo ambao Kiingereza kimewagawia watu kumi. Ukiyajua yale mawili tu halafu ukachukua neno lolote la upande wa pili, sentensi itasomeka, ila itasema jambo jingine.

Tuanze na "surprise", maana ndilo linalotumika kila siku na ndilo lenye historia ya kuvutia. Limetoka Kifaransa cha kale, "surprendre", yaani kumkamata mtu kwa kumjia juu. Lilikuwa neno la vita: jeshi linavamia ngome wakati walinzi wamelala. Maana ya kushangaa ilikuja baadaye. Kuna utani wa zamani kuhusu mtunga kamusi aliyekutwa na mkewe akimkumbatia mtumishi wa nyumbani. (Hubandikwa kwa huyu na yule, nami sidhani kisa hicho kilitokea kweli.) Mke akasema, "I am surprised!" Bwana, bila haya, akamsahihisha: hapana mke wangu, mimi ndiye niliye "surprised", wewe uko "astonished". Utani huo unawapa shida hata Waingereza wa leo, lakini Mswahili anauelewa papo hapo, kwa sababu tuna kitenzi chake kamili. Bwana amefumaniwa. Mke ameshangaa.

Hapo hapo kuna mtego wa sarufi. Sisi tunasema "nimeshangaa", mtendaji ni mimi. Kwa Kiingereza mshangao hutendwa na jambo, mtu hutendwa. Kwa hiyo "nimeshangaa" ni "I am surprised", wala si "I have surprised", ambayo inamngoja mtu wa kushangazwa. Ukisema "I am surprising" umejisifu kwamba wewe ni mtu wa kushangaza. Kanuni hiyo inashika karibu ukoo wote: mwisho wa "-ed" ni wa aliyepatwa, mwisho wa "-ing" ni wa kilichompata.

Sasa "caught off guard". Picha yake ni ya mtu aliyeshusha ulinzi, kama mpigana kwa upanga aliyeteremsha mkono. Hapa hoja si ukubwa wa jambo, ni kutojiandaa kwako. Swali dogo tu kwenye mahojiano ya kazi laweza kukukamata hivyo. Kiswahili kina neno linalolingana nalo kabisa ingawa siku hizi tunalitupa, nalo ni kughafilika. Tena tazama: "ghafla" na "ghafilika" ni mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kutokuwa macho. Jambo tunaloliita la ghafla, kwa asili ya neno, ni jambo lililotukuta tumesahau kuangalia. Kwa hiyo "Her question caught me off guard" usiiandike "swali lake lilinishangaza". Swali lake lilinikuta nimeghafilika, au kwa lugha nyepesi, lilinikuta sijajiandaa.

"Taken aback" ni la mabaharia. Merikebu inakwenda na upepo wa tezi, yaani wa kutoka nyuma, matanga yamejaa. Upepo ukigeuka kwa ghafla ukawa wa mbisho, unayapiga matanga kwa mbele na kuyakandamiza kwenye milingoti. Chombo kinasita, pengine kinaanza kurudi nyuma. Ndivyo anavyokuwa mtu aliye "taken aback": alikuwa akiongea vizuri, likasemwa jambo, akasita. Mara nyingi ndani yake mna kuudhika kidogo. Ukimwambia mwenyeji wako kwamba ukarimu wake umekufanya uwe "taken aback", hajui afurahi au aombe radhi.

Kuna kundi zima lililozaliwa na radi. "Astonish", "astound" na "stun" yote yanarudi kwenye "estoner" ya Kifaransa cha kale, na nyuma yake "tonare" ya Kilatini, kunguruma. Aliyeshangaa alihesabiwa kuwa amepigwa na radi, nasi tunasema amepigwa na butwaa. Kipigo kipo pande zote mbili. Leo "stunned" ndilo lililobaki na kipigo chenyewe. Ni la mtu aliyeduwaa, hata kama habari ni njema. "Amazed" nalo limekuwa la furaha na sifa, kwa hiyo liweke mbali na barua za rambirambi.

"Blindsided" ni la Kimarekani, na linahusishwa sana na futiboli yao, mchezaji anapoangushwa na mtu aliyemjia upande asioutazama. Lina harufu ya kuzungukwa. Mfanyakazi aliyesikia kwenye mkutano kwamba idara yake inafungwa, na wakubwa walijua tangu zamani, atasema "I was blindsided." Kushangaa hakutoshi hapo, mtu huyo analalamika.

Yamebaki ya mzaha. "Flabbergasted" lilitajwa mwaka 1772 kama neno jipya la wapenda mitindo, na hadi leo hakuna aliyethibitisha lilikotoka. Linasemwa kwa kutia chumvi. "Gobsmacked" ni la Uingereza: "gob" ni mdomo kwa lugha ya mtaani, "smack" ni kofi. Lilienea magazetini miaka ya 1980, na kwenye barua rasmi halifai. Watu hulieleza kwa kuonyesha mtu aliyejipiga kiganja mdomoni. Sisi tukishangaa tunabaki mdomo wazi, wao wanauziba.