Mtungi wa gesi si nishati jadidifu

Juzi kwenye kikao cha mtaa huku Uyole, Mbeya, baridi ya Julai ikiwa imetukunja kwenye viti vya plastiki, mwezeshaji aliinua mtungi wa gesi wa kilo sita juu ya kichwa akatangaza: "Akina mama, hii ndiyo nishati jadidifu!" Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, kwa adabu tu. Ilikuwa mara ya nne mwaka huu kulisikia neno hilo likibebeshwa mtungi.

Nishati jadidifu ni ile ya chanzo kinachorudi chenyewe, upesi kiasi kwamba matumizi yetu hayakimalizi: jua, upepo, maji ya mto, joto la ardhini, miti inayopandwa tena. Nishati ya kisukuku hutokana na mabaki ya viumbe na mimea yaliyofukiwa kwa mamilioni ya miaka: mafuta, gesi, makaa ya mawe. Nchi inapopunguza utegemezi wa visukuku kwa njia ya jadidifu, inahama kundi la pili kwenda la kwanza. Maana ndiyo hiyo. Kinachonikera ni neno linavyotumika.

Jadidi tumeichukua kwa Waarabu, ikiwa na maana ya kitu kipya, na kujadidi ni kufanya upya. Kisha Kiswahili kikaongeza -fu yake, kama kilivyofanya kamili ikawa kamilifu, sahau ikawa sahaulifu. Mtu msahaulifu si yule aliyesahau funguo leo asubuhi. Ni mwenye tabia ya kusahau. Jadidifu nayo inataja tabia ya chanzo, kwamba huwa kinajirudisha upya. Haisemi lolote kuhusu moshi, wala kuhusu sufuria isiyoshika masizi. Nadhani watu wananusa ule upya uliomo ndani ya neno, na kwa kuwa mtungi ni mgeni jikoni, wanaona vinafanana.

Gesi ya mtungini ni propani na butani, zinazopatikana wakati wa kusafisha mafuta ghafi na kuchakata gesi asilia, na huku kwetu inaletwa kwa meli. (Si ile ya Mtwara, kama wengi wanavyodhani. Gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo ni methani kwa sehemu kubwa, na nyingi huishia kwenye mitambo ya umeme.) Zote ni kisukuku. Mkakati wa serikali wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe, haukukosea jina: unasema nishati *safi* ya kupikia. Kwa mwanamke anayepuliza kuni mbichi za mkaratusi saa kumi na moja alfajiri, macho yakimtiririka, mtungi ni mkombozi, na sina ugomvi nao hata kidogo.

Ugomvi wangu ni na neno, na unaonekana vizuri ukigeuza upande wa pili. Msitu wa Sao Hill kule Mufindi huvunwa na kupandwa tena. Kuni zake ni jadidifu bila ubishi. Ingia sasa kwenye jiko lisilo na dirisha zinamowaka, utoke uniambie kama ni safi.

Halafu kuna "mbadala", ambalo ndilo lenye hila kuliko yote, maana halikamiliki mpaka uulize: badala ya nini? Makaa ya mawe ya Kiwira, kule Songwe (tulikuwa mkoa mmoja hadi 2016), hufinyangwa yakawa mkaa mbadala wa kupikia. Ni mbadala wa mkaa wa miti kweli, na miti inapona. Lakini aliyehama huko amehamia kwenye kisukuku.

Hata jadidifu yenyewe isisemwe kwa majigambo. Ruaha Mkuu unaanzia huku kwetu, unapita bonde la Usangu, unajaza bwawa la Mtera, unashuka hadi bwawa la umeme la Kidatu, kisha unaingia Rufiji lilipo Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Mgao wa umeme wa 2006, mabwawa yalipopungukiwa maji, wengi tunaukumbuka kwa mishumaa. Gesi ya Songo Songo ilikuwa imeanza kufua umeme 2004, na gesi ikazidi kubeba mzigo ambao maji yalishindwa kuubeba. Msahaulifu husahau bila kusaidiwa, ila mto hauna bahati hiyo: ukikausha Ihefu, ile ardhi oevu ya Usangu inayoulisha, -fu inabaki kwenye kamusi tu. Hata joto la ardhini linalotafutwa kule Ziwa Ngozi, kwenye mlima wa volkeno, linadai maji yarudishwe chini baada ya kutumika, la sivyo visima huchoka.

Kikao kilipoisha nilimfuata yule kijana mwezeshaji pembeni, tukanunua chai ya tangawizi, nikamweleza haya kwa ufupi kuliko nilivyoyaandika hapa.

"Sasa mzee, niseme nini?"

"Sema safi. Inatosha, na ni kweli."

Akaandika kwenye daftari lake, akafikiri kidogo. "Na sola?"

"Jadidifu."

"Si safi?"

"Na safi pia."

Akanitazama kama mtu aliyepunjwa chenji, akaongeza mstari wa pili.