Sanduku la michoro iliyoharibika

Chini ya meza yangu kuna sanduku la michoro iliyoharibika, na wanafunzi wangu hawakomi kuniuliza kwa nini siitupi. Siitupi kwa sababu inasomeka. Rangi ya maji ikishakauka, karatasi hubaki na alama za kila mahali maji yalipopita na yalipokwama. Ukiijua lugha hiyo, mchoro mbovu unakueleza ulikosea dakika gani.

Mfano ni huu wa Aprili, majahazi kwenye Bandari ya Kale ya Mombasa. Mbingu ilikuwa imekubali vizuri. Nikaona upande wa kulia pamepauka kidogo, nikapachika brashi ya buluu. Baada ya robo saa pakatokea doa lenye ukingo wa mikunjomikunjo, koliflawa tupu, limekaa juu ya majahazi yangu.

Siku hiyo nililaumu brashi. Haikuwa na kosa. Karatasi ikiwa bado inameremeta, rangi ya pili huenea ndani ya ile ya kwanza bila ugomvi. Mmeremeto ukishatoweka, brashi huwa na maji mengi kuliko karatasi. Maji hayo yanatambaa yakizisukuma chembe za rangi mbele yake, na pale zinapokwama ndipo ukingo unapojichora. Kwa hiyo mmeremeto ukiisha, weka brashi chini mpaka karatasi ikauke kabisa.

Utajuaje imekauka? Iguse kwa mgongo wa kidole. Ikiwa na ubaridi, maji bado yamo, hata kama macho yanakuambia vingine. Usitegemee zile dakika kumi za vitabuni, maana vingi vimeandikwa na watu wa nchi za baridi wenye vyumba vya kupashwa joto. Huku pwani wakati wa masika, nusu saa huenda isitoshe.

Koliflawa nilishaisamehe. Kinachoniuma hadi leo ni karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba niliyoinunua kwa pesa za kujinyima, kisha nikaificha kabatini nikingoja “kazi nzuri”. Nilipoitoa baada ya misimu miwili ya mvua, rangi ilizama papo hapo kama kwenye karatasi ya chooni, ikaacha vidoa vya giza ambavyo sponji haikuvitoa. Karatasi ya namna hii hutiwa gundi, mara nyingi jelatini, ili rangi ikae juu kwanza kabla ya kunyweka, na unyevu wa miaka huila gundi hiyo. Siku hizi kabla ya kuanza nadondosha tone la maji pembeni. Likikaa kama shanga, naendelea. Likinywewa mara moja, karatasi hiyo naiachia michoro ya makaa na wino. Na karatasi nzuri naitumia ikiwa mpya, ubahili pembeni.

Rangi kugeuka tope sina mengi ya kusema: mara nyingi ni mkono uliorudi mara ya tatu mahali palipokuwa pameshakamilika.

Ile koliflawa nimeipatia kazi. Kuta za chokaa za Mji wa Kale zikinywa mvua hutoa madoa ya umbo lilelile, kwa hiyo napaka ukuta, nangoja mmeremeto uishe, kisha nadondosha maji safi. Matone matatu yanatosha. La nne huonekana limewekwa kusudi.