Usaliti au Vitisho? Kisa Kilichofichwa katika Katuni za Kijapani za Watu Wazima

Katuni za Kijapani zinazotengenezwa kwa ajili ya watu wazima zina mkondo mmoja mashuhuri, uitwao netorare, ambao kisa chake hakibadiliki sana: mtu ananyang'anywa mke au mchumba wake, na mtazamaji anashuhudia hatua kwa hatua. Wengi huuona kuwa mkondo wa uzinzi tu. Sisi tunaotoa ushauri nasaha wa ndoa tunaona jambo jingine, kwa kuwa katika visa vingi vya aina hiyo mwanamke hakuanza kwa kutoka nje ya ndoa, bali alianza kwa kutishwa.

Tazama kisa kinavyosukwa. Mume yuko safarini kikazi, au ana deni. Bosi wake anapata picha au siri ambayo mke asingependa ijulikane, kisha anadai jambo dogo, mara moja tu. Mke anakubali ili ainusuru ndoa yake. Kukubali huko kunazaa siri ya pili, na siri ya pili inakuwa fimbo ya kumchapia kesho yake, mpaka anabaki bila mtu wa kumweleza, maana anayestahili kuelezwa ndiye anayefichwa. Hadi hapo mtunzi hajakosea: ndivyo walaghai wanavyofanya kazi. Uongo unaingia mwishoni, pale mwanamke anapoonyeshwa kumpenda anayemtisha, na vitisho vya mwanzo vinasahauliwa kana kwamba vilikuwa posa.

Kifungu cha 175 cha Kanuni ya Adhabu ya Japani, ya mwaka 1907, kinakataza kusambaza vitu vya aibu, na ndiyo maana watengenezaji huziba sehemu za siri kwa mozaiki, yaani vijipande vya miraba vinavyofifisha picha. Hadithi yenyewe haizibwi, jambo ambalo kwangu ni kinyume cha mambo. Uzinzi nao ulikuwa jinai hadi 1947, lakini kwa upande mmoja: mke aliyezini na mwanamume aliyeshirikiana naye waliadhibiwa mume akilalamika, ilhali mume aliyekwenda kwa mwanamke asiyeolewa hakuguswa. Leo usaliti ni sababu ya talaka na ya kudai fidia, basi. Vitisho ndivyo jinai, na marekebisho ya Kanuni hiyo yaliyoanza kutumika Julai 2023 yametaja hali 8 zinazoweza kumfanya mtu ashindwe kukataa tendo la ndoa, zikiwemo hofu, ulevi na kuogopa hasara itokanayo na cheo au uwezo wa kiuchumi wa mwingine. Bosi wa katuni zetu yumo humo.

Si lazima kisa kisimuliwe kwa jicho la mlaghai. Perfect Blue, filamu ya Satoshi Kon ya mwaka 1997, nayo ni ya watu wazima, na inamfuata mwimbaji aliyegeukia uigizaji anayekuta kwenye intaneti shajara iliyoandikwa kwa jina lake, yenye mambo madogo ya siku yake ambayo mgeni asingeyajua, hadi anaanza kutilia shaka kumbukumbu zake mwenyewe. Anayemchezea akili ni mtu wake wa karibu, anayemtunza kila siku.

Kwa hiyo mteja anapotuambia kwamba alikubali mwenyewe, swali letu la kwanza huwa ni nini kilichotangulia kukubali huko: nani alikuwa na picha, nani alikuwa na deni, na nani angefukuzwa kazi. Aliye katika hali hiyo asifute ujumbe wa vitisho hata kama unamtia aibu, na amweleze mtu mmoja ambaye mlaghai hana la kumfanya.