Je, wajua? Nahodha wa zamani wala hakuwa mshika usukani

Ukisikiliza mpira redioni, hata mapumziko hayajafika ushasikia "nahodha" mara kumi: nahodha kaenda kumlalamikia refa, nahodha kala kadi, nahodha ndo anapiga penati. Enzi za Samatta pale Taifa Stars na Wanyama pale Harambee Stars ilikuwa hivohivo. Sasa uwanjani hakuna maji wala tanga, hili neno limefikaje huko?

Asili yake ni Kiajemi, nakhuda, na ni maneno mawili yaliyogandana. Nav ni chombo cha baharini, na khuda ni bwana, mwenye kauli. Ndio, ni khuda hiyohiyo Waajemi na Wahindi wanayomwitia Mungu, ukiwasikia wanaagana "khuda hafiz" ndo hiyo. Kwahiyo nahodha ni bwana wa chombo. Waarabu wakalibeba, Wahindi wakalibeba (Kolkata kuna msikiti mkubwa tu unaitwa Nakhoda), Wamalei wanasema nakhoda mpaka leo, na kwetu likaja na majahazi ya kaskazi.

Ila hapo kwenye "bwana" ndo penye utamu, maana siku hizi tukisema nahodha tunamfikiria dereva wa meli, na zamani haikuwa hivo. Kwenye biashara ya Bahari ya Hindi karne ya 12 nahodha mara nyingi alikuwa ndo mwenye chombo au mtu wa mwenye chombo, tajiri hasa. Chukua Ramisht wa Siraf, bandari ya Uajemi, aliyefariki 1140. Kaburi lake lilikuwa Makka na limeandikwa nakhuda. Huyu bwana meli zake zilikuwa zinapiga njia ya India na Aden, na alikuwa na hela mpaka akaivisha Kaaba kwa kitambaa cha Kichina. Mtu kama huyo unadhani alikesha ameshika usukani?

Usukani ulikuwa na watu wake, na njia ilikuwa na mtu wake, anaitwa mualimu au rubani, ndo anayejua nyota, miamba na pepo. Ibn Majid, yule bingwa wa Oman wa karne ya 15, alikuwa mualimu. Nahodha yeye anaamua twende wapi, tupakie nini, nani apandishwe na nani ashushwe. Wamalei waliliweka wazi kabisa kwenye sheria zao za bahari za Melaka, kwamba nahodha akiwa chomboni ni kama mfalme, na mshika usukani ni kama waziri wake.

Baadaye kazi zikaanza kuungana, mtu mmoja anajua njia na anasimamia biashara pia. Mwaka 1939 baharia mmoja wa Australia, Alan Villiers, alifika Zanzibar na Rufiji na jahazi la Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Huyu alikuwa anaijua bahari vizuri sana, chombo kinajazwa boriti za mikoko Rufiji, bei anapatana yeye, lakini mtaji ni wa matajiri wa Kuwait na madeni juu. Bwana wa chombo kwa jina, mfukoni ni habari nyingine.

Sasa ukishajua kwamba kazi yake ilikuwa kuamua na kusemea wenzake, wala hushangai kumkuta uwanjani. Na ile methali ya manahodha wengi chombo huenda mrama inasimama vizuri zaidi, maana wakali wa usukani wanaweza kupokezana bila shida, shida ni wenye kauli wakiwa watano.

Wenzake nao walihama. Rubani bado yupo bandarini anaingiza meli, ila ukilitaja hilo neno leo kila mtu anaangalia juu kutafuta ndege. Serahangi, yule msimamizi wa mabaharia, naye ni wa Kiajemi, kwetu kabaki na mabaharia wake hukohuko majini, lakini ukienda Iran leo sarhang ni kanali wa jeshi.