Mkemia wa dawa sio mfamasia jamani

Juzi kwenye grupu la familia mpwa wangu katangaza kapata nafasi ya kusoma PhD ya kemia ya dawa. Pongezi zikamiminika, mara mama mdogo akaandika "hongera mwanangu, ufungue famasi hapa hapa mtaani tupate dawa kwa bei chee". Shemeji yetu wa Nairobi naye akadakia, "kemisti ya familia sasa". Nimeshalisikia hili mara nyingi mno, acha leo niliandike.

Kwa kifupi, mkemia wa dawa ni mtu anayebuni na kuunda molekuli ambazo hazijawahi kuwepo, akitafuta ile moja itakayofaa kuwa dawa. Ikishapita majaribio, ikaruhusiwa na kutiwa kwenye boksi, ndo inafika kwa mfamasia, anayejua dozi yake, inagombana na dawa gani na nani asipewe. Zote kazi kubwa, ila ni kazi mbili.

Vurugu yote imeletwa na maneno. Kenya duka la dawa ni kemisti, na hiyo imetoka kwa Waingereza, maana hata sheria yao ya famasi ya 1868 iliwasajili wauza dawa kwa jina la kemisti, kwa sababu enzi hizo aliyekuuzia dawa mara nyingi ndo huyo huyo aliyeichanganya nyuma ya duka. Mchanganyaji akahamia maabara, jina likabaki dukani. Tanzania nako ukisema mkemia, akili za watu zinakimbilia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, vipimo vya DNA na sumu. Na neno lenyewe limetembea: Waarabu walilichukua kwa Wagiriki wakaliita kimiya, likaingia Ulaya na "al" yake mbele, huko "al" ikakatwa, ndo likatufikia sisi kwa Kiingereza likiwa kemia. "Dawa" pia ni Kiarabu ila yenyewe ilikuja moja kwa moja, haikupitia Ulaya. Kwa hiyo kwenye "mkemia wa dawa" yamekutana maneno mawili yaliyofika kwetu kwa njia tofauti kabisa.

Mtu wa kumwangalia ni Gertrude Elion wa New York. Ana miaka 15 babu yake akafa kwa kansa ya tumbo, akaamua kusoma kemia. Alipomaliza digrii 1937 maabara hazikutaka wanawake, akafundisha shule, akapima uchachu wa achari kwenye maabara ya chakula, mpaka 1944 George Hitchings akamchukua kampuni ya Burroughs Wellcome. Walichofanya ni kuunda vitu vinavyofanana na vijenzi vya DNA lakini vimebadilishwa kidogo, atomu moja hapa, moja pale, ili seli ya kansa au kijidudu kidanganyike kivichukue halafu kikwame. Mahali pa oksijeni Elion akaweka salfa, ikatoka mekaptopyurini, 1953 ikaruhusiwa kwa watoto wenye kansa ya damu. Maabara hiyo hiyo ndo ilitoa pirimethamini, ile P ya SP wanayopewa wajawazito kliniki kwetu, na trimethoprimu iliyomo kwenye Septrini. 1988 wakapewa Nobeli, na PhD Elion hakuwahi kuimaliza.

Na molekuli nyingi haziendi popote. Timu ya Kelly Chibale, Mzambia, pale Chuo Kikuu cha Cape Town, ilishiriki kuunda MMV390048 ya malaria, ikafika mpaka kujaribiwa kwa watu, na bado ikasimamishwa. Mkemia anaweza kustaafu bila hata molekuli yake moja kufika dukani, na akawa amefanya kazi nzuri kabisa.

Kwa hiyo mama mdogo, dawa ya presha endelea kuchukua kwa yule yule mfamasia wako, anakujua na anajua unachotumia. Huyu binti mwulize anaunda nini, atafurahi sana kuulizwa.