Unasoma uzamili, barua ya uhamisho inakuja: namna ya kupanga ili masomo yasikatike

Shahada ya uzamili katika vyuo vya Tanzania inahitaji krediti zisizopungua 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kuhudhuria, kusoma, kuandika na kufanya mitihani. Hizo ni saa 1,800. Ukitaka kumaliza ndani ya miezi 18, unadaiwa saa 23 kila wiki bila kuruka wiki hata moja. Ukijipa miaka mitatu, unadaiwa saa 11 na nusu. Mwalimu wa sekondari mwenye vipindi 24 vya dakika 40 anasimama darasani saa 16 kwa wiki, na hapo hatujagusa madaftari ya kusahihisha, maandalio ya masomo, zamu na vikao. Piga hesabu hii kabla ya kulipa ada ya maombi, kwa sababu ndiyo itakayokuambia kama uhamisho ukitokea katikati utakuwa na nafasi ya kupumua au la. Mimi humshauri mwalimu aliye kazini ajipangie miaka mitatu tangu mwanzo. Akimaliza mapema, ni faida yake.

Ugumu wa kwanza uko kwenye kalenda. Shule zinafungua Januari na kufunga Desemba, na katikati kuna likizo ya Juni. Vyuo vikuu vingi vinaanza mwaka wa masomo Oktoba au Novemba, hivyo mitihani ya muhula wa kwanza huangukia Februari au Machi, wakati shuleni wanafunzi wapya ndiyo kwanza wanazoea na azimio la kazi, yaani mpango wa mada za mwaka, bado linapangwa. Novemba ni mbaya zaidi. Chuo kinafungua, na huku Kidato cha Pili na cha Nne wako kwenye mitihani ya taifa, nawe huenda umepangwa kusimamia mbali na kituo chako. Darasa la Saba wanafanya yao Septemba, Kidato cha Sita Mei. Chukua kalenda ya chuo na ya shule, uzilaze kwenye karatasi moja, na uweke alama nyekundu kwenye wiki zinazogongana. Wiki hizo usizipe kazi nyingine yoyote, na uhamisho unaouomba mwenyewe usiuelekeze hapo.

Nasema unaouomba mwenyewe kwa sababu uhamisho hauko wa aina moja. Kuna ule anaoufanya mwajiri kwa mahitaji ya kazi. Huo huulizwi tarehe, na gharama zake, yaani nauli, mizigo na posho, ni za mwajiri. Kuna ule wa maombi binafsi, na ule wa kubadilishana na mwalimu wa somo lako aliye kwingine. Hiyo miwili unajigharamia. Ndani ya halmashauri moja uamuzi ni wa Mkurugenzi. Kutoka halmashauri moja kwenda nyingine ndani ya mkoa, suala linafika kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Kutoka mkoa hadi mkoa linafika Ofisi ya Rais TAMISEMI. Siku hizi maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa utumishi wa ESS, lakini bado yanasubiri kuidhinishwa na ngazi zote, kuanzia kwa mkuu wako. Kadiri ngazi zinavyokuwa nyingi ndivyo usivyoweza kukadiria siku ya jibu. Kwa hiyo anayetaka kuhama mkoa akiwa masomoni aombe mwanzoni mwa masomo au baada ya kukusanya data. Kuomba katikati ya kukusanya data ni kujitafutia taabu, na sababu zake nitazieleza hapa chini.

Pia fedha ya ada isiguswe. Mwalimu aliyehamishwa na mwajiri hujikuta ametanguliza fedha yake kwa lori akitegemea posho italipwa kabla ya tarehe ya usajili wa muhula. Posho ikichelewa, usajili unafungwa, na bila usajili jina lako halimo kwenye orodha ya mtihani hata kama kazi zote za kozi ulishazifanya.

Upande wa kozi zenyewe, jambo linaloamua ni namna unavyosoma. Anayehudhuria masomo ya jioni amefungwa na barabara. Akihamishwa kutoka Temeke kwenda Ilala anaongeza daladala moja. Akihamishwa kwenda wilaya ya mkoa mwingine, masomo ya jioni yamekwisha. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kina makao yake makuu Kinondoni na vituo vya mikoa nchi nzima, na hapo ndipo mwalimu anayehisi anaweza kuhama hupata unafuu: anahama kituo bila kuhama chuo. Ila kituo hakijihamishi chenyewe. Toa taarifa mapema kwenye kituo unachotoka na unachokwenda, kisha uhakikishe unapojisajili kwa mitihani umeandika kituo kipya. Ukisahau, jina lako litabandikwa Songea wakati wewe umekaa kwenye chumba cha mtihani Singida.

Kama umesoma jioni na sasa umepelekwa mbali, usipotee kimya kimya. Andika barua ya kuahirisha masomo kabla muhula haujaanza au mara tu barua ya uhamisho inapofika, uambatanishe nakala ya barua hiyo, na usubiri idhini ya maandishi. Kozi ulizofaulu zinabaki, na muda wa kuahirisha unahesabiwa kwa utaratibu wa chuo. Anayeacha tu kuhudhuria anasomeka kwenye mfumo kama mtu asiyefanya mitihani, na kufuta alama hiyo baadaye kunachosha kuliko kuandika ukurasa mmoja wa barua. Vyuo vingi vinagawa alama 40 kwa kazi za kozi na 60 kwa mtihani wa mwisho, kwa hiyo ukiahirisha katikati ya muhula muulize mratibu kwa maandishi kama zile 40 ulizokwishazipata zitasubiri au utaanza upya.

Sasa utafiti, maana hapo ndipo wengi wanakwama, na chanzo ni shule waliyoichagua.

Ukishapitishwa pendekezo lako, chuo kinakupa barua ya kibali cha utafiti. Iangalie kwa makini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, hutaja ndani ya barua waraka wa serikali wenye kumbukumbu MPEC/R/10/1 wa tarehe 4 Julai 1980, uliompa Makamu Mkuu wa Chuo mamlaka ya kutoa vibali kwa niaba ya Serikali na Tume ya Sayansi na Teknolojia. Chini yake kuna jina lako, kichwa cha utafiti, mkoa au mikoa utakayofanyia kazi, na tarehe ya kuanza na kumaliza. Barua inaelekezwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Yeye anaandika nyingine kwenda wilayani, Mkurugenzi anaandika kwenda shuleni, na Mkuu wa Shule anapokea ya mwisho. Ni mnyororo wa barua, na kila pete imetaja mahali.

Mwalimu aliyeandika “Mkoa wa Mbeya” kisha akahamishiwa Katavi hana kibali cha kukusanya data Katavi, hata katika darasa analolifundisha kila siku. Akikusanya hivyo hivyo, mtahini wa nje anaweza kuuliza kibali cha mkoa kiko wapi, na hakuna jibu. Tiba yake ni kurudi kwa msimamizi, kuandika marekebisho ya eneo la utafiti, na kuomba barua mpya kuanzia chuoni. Sura ya tatu ya tasnifu inaandikwa upya pia, kwa sababu maelezo ya eneo, idadi ya shule na sababu ya kulichagua eneo hilo vyote vimebadilika.

Kwa hiyo kanuni ninayoisimamia ni moja: usifunge tasnifu yako kwenye shule unayofundisha. Najua inavutia. Wanafunzi wako hapo, mkuu anakufahamu, nauli hakuna. Lakini tuchukue mfano wa mwalimu wa Hisabati anayetaka kuona kama kujifunza kwa vikundi vidogo kunainua ufaulu wa aljebra Kidato cha Pili. Ana mkondo A na mkondo B, wanafunzi 45 kila mmoja. Mkondo A unafundishwa kwa vikundi, B kwa njia ya kawaida, wiki nane, jaribio la awali na jaribio la mwisho. Wiki ya tatu barua inafika. Mwalimu mwingine anachukua vipindi. Jaribio la mwisho likifanyika wiki ya nane, tofauti ya alama inaweza kuwa imetoka kwenye njia ya kufundishia, au kwa mwalimu mpya, au kwenye wiki mbili za pengo ambazo hakukuwa na kipindi. Huwezi tena kuzitenganisha. Hata asingehamishwa, kuna tatizo la ridhaa: mtoto wa Kidato cha Pili hana uhuru wa kumkatalia mwalimu anayemsahihishia mtihani. Na kwa kuwa umri wake ni chini ya miaka 18, mzazi au mlezi naye lazima aombwe.

Mpango unaostahimili uhamisho ni huu. Shule yako itumie kujaribia zana: dodoso, mwongozo wa mahojiano, jaribio lenyewe. Utafiti wenyewe ufanye kwenye shule tatu au nne nyingine za halmashauri hiyo, ukiwatafiti walimu na wanafunzi wasiokuwa wako, na data ziwe za kukusanywa ndani ya wiki mbili za mfululizo, si wiki nane. Wiki hizo mbili ziombee ruhusa kwa maandishi. Kumbuka huwezi kuzipeleka Juni, kwa sababu Juni wanafunzi hawapo. Februari mwishoni, kama huna mitihani ya chuo, au Agosti ni miezi tulivu. Ukiisha kukusanya, uhamisho hauwezi tena kukunyang’anya data.

Kuna kosa dogo linalogharimu sana. Dodoso zilizojazwa na fomu za ridhaa husafirishwa juu ya lori pamoja na godoro na masufuria, mvua inanyesha Makambako, na karatasi 180 zinageuka uji. Kabla ya kufunga mizigo, kila dodoso lipewe namba juu kulia, liingizwe kwenye jedwali la kompyuta, na karatasi zenyewe zipigwe picha moja moja. Jedwali liwe na nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi unayosafiri nayo mfukoni, na kwenye barua pepe yako. Fomu za ridhaa zina majina ya watu, kwa hiyo zifungiwe bahasha yake, mbali na dodoso, na zikae kwenye begi unalolibeba mwenyewe. Anayeanza sasa anaweza kukwepa karatasi nyingi kwa kutumia KoboCollect kwenye simu; inajaza fomu bila intaneti na kuzituma ukifika penye mtandao. Kwa makala za kusoma, Zotero, programu ya kuhifadhi na kupanga makala, ikishapakua faili inafanya kazi bila mtandao, jambo la maana kwa aliyepelekwa kata ambayo mnara wa simu uko ng’ambo ya kilima. Pakua makala zote za sura ya pili, ile ya mapitio ya maandiko, kabla ya kuondoka mjini.

Kwenye shule mpya, wiki ya kwanza ndiyo ya kuzungumza. Mkuu wa Shule anapanga ratiba kwa upungufu alionao, na mwalimu mgeni wa Fizikia au Hisabati hupewa mikondo yote iliyokuwa haina mtu. Usisubiri ratiba ibandikwe ndipo ulalamike. Nenda ofisini na karatasi tatu: barua ya ruhusa ya masomo, kalenda ya chuo, na pendekezo lako mwenyewe, kwa mfano, “Mkuu, naomba vipindi vyangu vya Ijumaa viishe kabla ya saa sita mchana, na nitachukua zamu mbili za Jumatatu badala yake.” Anayekuja na pendekezo anasikilizwa kuliko anayekuja na shida. Mwombe pia mkuu wa idara akuonyeshe azimio la kazi la mtangulizi wako na mahali alipoishia, kwa sababu mada iliyorukwa Machi itakurudia kwenye mtihani wa taifa ukiwa na tasnifu mkononi. Shule unayotoka nayo ina haki yake: kabidhi kwa maandishi alama za wanafunzi, vitabu na mada uliyoishia, mpokeaji asaini, nawe ubaki na nakala.

Halafu majalada. Mwalimu ana jalada halmashauri na ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu ya wilaya. Ruhusa yako ya masomo ilitolewa na halmashauri ya zamani na iko kwenye jalada la huko. Wewe ukifika, jalada huenda bado liko njiani au halijatumwa kabisa, na Mkurugenzi mpya hana karatasi inayoonyesha kwamba unasoma kihalali. Beba nakala yako iliyogongwa muhuri, iwasilishe kwa Afisa Elimu Sekondari, au Msingi kama uko shule ya msingi, na uombe ipigwe muhuri wa kupokelewa. Fungua mfumo wa utumishi uone kama kituo chako cha kazi kimebadilishwa na msimamizi wako wa sasa ndiye anayeonekana kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji kazi. Majukumu yako yakibaki kwa mkuu wa shule ya zamani, hakuna wa kuyathibitisha. Angalia na hati ya mshahara ya mwezi unaofuata kama halmashauri iliyoandikwa ni ile mpya.

Siku ukipata cheti, nakala yake iende sehemu zote mbili, Mkurugenzi na Tume ya wilaya, ikiambatana na ile ruhusa ya awali na barua ya uhamisho. Karatasi hizo tatu zikikaa pamoja kwenye jalada, ofisa asiyekufahamu anaona mara moja ulianzia wapi, ulihamia lini, na ulimaliza ukiwa kituo gani.