Maswali mnayoniuliza kuhusu kupandikiza uloto tangu nirudi Glasgow

Mwezi wa nne mwaka 2024 nilienda Glasgow, Uskoti, kwenye mkutano wa mwaka wa EBMT, ule umoja wa Ulaya wa wataalamu wanaopandikiza seli za damu na uloto (ute laini wa ndani ya mifupa), ulianzishwa 1974 na huu ulikuwa mkutano wao wa 50. Mi ni muuguzi, niko wodi ya watoto wenye magonjwa ya damu hapa Dar, na kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba wauguzi tuna vikao vyetu kabisa ndani ya mkutano ule, hatukai nyuma kusikiliza madaktari tu. Tangu nirudi naulizwa maswali koridoni, kwenye daladala, usiku kwenye simu, wazazi wanauliza, wenzangu wa zamu wanauliza. Nimekusanya yale yanayojirudia nayajibu hapa kwa pamoja.

Sista, kupandikiza uloto ndo mtu anapasuliwa mfupa anawekewa mwingine?

Hapana mama, hapasuliwi. Mgonjwa anakaa kitandani kwake, ana mpira uliowekwa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni au kifuani, seli za uloto za mtoaji, au zake mwenyewe zilizotolewa mapema, zinakuja kwenye mfuko kama ule wa damu, unaning'inizwa kwenye stendi zinashuka kama dripu, saa moja au zaidi kidogo kazi imeisha. Zikishaingia kwenye damu zenyewe zinajua njia, zinaenda hadi ndani ya mifupa zinatulia huko zinaanza kuzaliana. Siku hiyo wanaiita siku sifuri.

Ugumu uko kabla na baada. Kabla, anapewa kemo kali, zile dawa za saratani, kwa siku kadhaa ili uloto wa zamani ufutike na kinga yake isizikatae seli ngeni. Baada, kwa wiki mbili tatu hivi hana chembe nyeupe za kumlinda, hana plateleti za kuzuia damu isitoke ovyo, yani bakteria wa kawaida tu aliyeko kwenye mkono wangu anaweza kumuua. Kila asubuhi anatolewa damu kidogo inahesabiwa, tunasubiri zile chembe nyeupe ziitwazo neutrofili zipande zifike 500 kwa kila maikrolita na zibaki hapo siku tatu mfululizo, hapo ndo tunasema seli zimeshika.

Kwani seli shina ni nini hasa?

Ni seli mama za damu, zinakaa kwenye uloto, ule ute laini ulio ndani ya mifupa, na kutoka kwake ndo zinazaliwa chembe nyekundu, chembe nyeupe na plateleti, kila siku, maisha yako yote. Mtoto wa sikoseli kiwanda chake kinatoa chembe nyekundu zinazojikunja kama mundu. Ukimwongezea damu umebadilisha bidhaa ila kiwanda ni kile kile, ndo maana baada ya muda maumivu yanarudi. Kupandikiza ni kubadilisha kiwanda.

Dada, sisi wauguzi umetuletea nini? Maana mashine zao hatuna.

Hili swali kaniuliza mdogo wangu wa zamu ya usiku na nimelipenda sana, maana ndo hasa nilichorudi nacho. Nilienda nikidhani nitakutana na mashine tu, nikakuta kikao kizima cha wauguzi wanajadili mdomo. Mdomo wa mgonjwa! Kuna kemo inaitwa melfalani, wanapewa sana wagonjwa wa saratani ya uloto ile ya multipo mayeloma kabla ya kurudishiwa seli zao wenyewe zilizotolewa mapema, hiyo dawa inachubua mdomo na koo mpaka mtu hawezi kumeza hata mate, na kila kidonda ni mlango wa bakteria kuingia kwenye damu. Tiba ya kuzuia ni barafu jamani. Mgonjwa ananyonya vipande vya barafu kuanzia kabla dawa haijaingia, wakati inaingia na baada yake kidogo, ile baridi inabana mishipa midogo ya mdomoni kwa hiyo dawa inafika kidogo pale. Barafu! Hiyo inahitaji friji na maji safi yaliyochemshwa, na muuguzi wa kukaa pale kumwambia mgonjwa ongeza kingine baba, ongeza kingine, maana mtu anachoka, meno yanamuuma, anataka kuacha.

Lingine ni seti ya damu. Wengi wetu tumezoea kwamba mgonjwa wa damu anawekewa seti yenye filta ya kunasa chembe nyeupe. Kwenye mfuko wa seli shina hiyo filta ni marufuku, utanasa hizo hizo seli mlizozihangaikia miezi. Vilevile damu na plateleti anazoongezewa mgonjwa huyu lazima zipigwe mionzi kwanza, ila mfuko wa seli shina haupigwi mionzi kamwe. Haya mawili niliyaandika kwa wino mwekundu kwenye daftari langu na ndo nilianza nayo siku ya kwanza kurudi kazini.

Na kuna harufu. Seli zikigandishwa kwenye naitrojeni ya maji zinachanganywa na kemikali inaitwa DMSO ili zisipasuke, sasa zikiyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 37 pale pale pembeni ya kitanda na kuingia mwilini, mgonjwa anaitoa ile kemikali kwa pumzi na chumba kizima kinanuka kama kitunguu saumu, siku nzima na zaidi. Nilikaa na muuguzi mmoja mtu mzima wa huko wakati wa chai, akanambia yeye humwambia mgonjwa mapema na ndugu zake pia, maana kuna mtoto aliwahi kulia akidhani anaoza. Anampa kipande cha chungwa anyonye. Nimeshika mikono ya watoto wengi wanaoogopa na nilivyosikia hiyo nilijua kabisa anasema kitu gani.

Mimi ndo mama yake, nimemzaa, kwanini nisimpe mimi uloto wangu?

Nawaelewa sana akina mama mnaouliza hili, na huwa mnaliuliza kwa uchungu. Iko hivi, kwenye seli zetu kuna alama zinaitwa HLA, ndo kitambulisho ambacho kinga ya mwili inakagua. Mtoto anachukua nusu ya alama kwako na nusu kwa baba yake, kwa hiyo wewe na mwanao mnafanana nusu tu. Ndugu yake wa baba mmoja mama mmoja ndo ana nafasi ya kuchukua nusu zile zile mbili, nafasi hiyo ni 1 kati ya 4 kwa kila ndugu. Kwa hiyo ukiwa na watoto wanne wengine inawezekana akapatikana mmoja, wawili, au asipatikane hata mmoja, ni kama kurusha shilingi upya kila mara. Siku hizi kuna njia ya kutumia mzazi anayefanana nusu, wanampa mgonjwa dawa ya siklofosfamaidi siku chache baada ya kupandikiza kutuliza ugomvi wa kinga, inafanyika na inaendelea kuboreshwa, ila ndugu aliyefanana kamili bado ndo chaguo la kwanza.

Mtaniuliza, si kuna watu wanaojitolea duniani? Wapo, zaidi ya milioni 40 wameandikishwa. Lakini wengi ni wa asili ya Ulaya. Huko Marekani mgonjwa mzungu ana nafasi kama 79 kati ya 100 ya kumpata aliyefanana naye kwenye daftari la wanaojitolea, mweusi ana 29. Hii iliniuma, sitaficha, nilikaa pale ukumbini nikifikiria watoto wangu wa wodini, maana dawa yake ni sisi wenyewe kujiandikisha.

Huyo ndugu anayetoa si atabaki dhaifu?

Habaki dhaifu. Akitolewa uloto analazwa usingizi wa nusukaputi, wanaingiza sindano kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma na kuvuta, hairuhusiwi kuzidi mililita 20 kwa kila kilo ya uzito wake. Akiamka kiuno kinamuuma siku kadhaa, anapewa dawa ya maumivu, na ndani ya wiki 4 hadi 6 uloto umejijaza tena. Njia ya pili anachomwa sindano siku nne tano za kuzisukuma seli zitoke kwenye mfupa zije kwenye damu, halafu anakaa kwenye mashine masaa kadhaa, inachuja seli shina na kumrudishia damu yake.

Nauziwa poda ya stem cell, sh. laki na kitu pakiti, wanasema inatibu sikoseli. Nimpe?

Usimpe mama. Poda unayokoroga kwenye maji inaenda tumboni inasagwa kama chakula kingine, na kama imetengenezwa kwa tufaha au zabibu basi hizo ni seli za mmea, haziwezi kugeuka uloto wa binadamu hata siku moja. Seli shina za damu ziko hai, zinatunzwa kwa baridi kali au zinatumika ndani ya saa chache, zinapita kwenye mshipa, na haziingii bila mgonjwa kupimwa HLA na kuandaliwa kwa dawa. Nimemwona mzazi wodini kwetu aliyeacha kumpa mtoto haidroksiyurea, dawa ya sikoseli, miezi miwili kwa sababu ya pakiti hizo, mtoto akaletwa na maumivu ya kifua, anahema kwa tabu. Hiyo hela nunua foliki, nunua haidroksiyurea, lipa nauli ya kliniki.

Kama inaponyesha, mbona hamuwapeleki watoto wote?

Kwa sababu ina hatari na nataka mzijue kabla ya kusaini. Kubwa ni ule ugonjwa wa GVHD, yani kinga iliyokuja na seli za mtoaji inaona mwili wa mgonjwa ni mgeni inaushambulia, unaanza na vipele viganjani na nyayoni, kuharisha sana, macho kuwa ya njano. Kemo inaweza kumfanya mtoto asizae akikua, hili liulizeni mapema maana huwa halisemwi. Chanjo zake za utotoni zinafutika, anaanza upya. Na wapo wanaokufa, siwezi kuwaficha. Hata hivyo kwa sikoseli kuna utafiti uliowafuatilia wagonjwa 1000 waliopandikizwa kutoka kwa ndugu aliyefanana kati ya 1986 na 2013, zaidi ya 90 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano, na waliofanyiwa wakiwa wadogo walifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo usisubiri mtoto apate kiharusi cha pili ndo uulize.

Eti group la damu linabadilika?

Ndio. Kama mtoto ni O na kaka yake ni A, baada ya miezi kadhaa mtoto anakuwa A.

Hapa kwetu inafanyika?

Inafanyika. Muhimbili walianza 2021 kwa wagonjwa wa multipo mayeloma wakitumia seli zao wenyewe, na Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma tangu 2023 wanapandikiza watoto wa sikoseli. Kuna pia ile tiba mpya ya kurekebisha jeni, Casgevy, Uingereza waliipitisha Novemba 2023 na Marekani Desemba, lakini bei yake kule Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, kwa hiyo kwa sasa tuzungumzie ndugu wa mtoto. Anza kwenye kliniki yake ya sikoseli, omba rufaa ya kupimwa HLA, uende na ndugu zake wote wa baba mmoja mama mmoja.

Kaka yake kapimwa ni AS. Si ndo basi tena?

Sio basi. AS ni yule aliyerithi sikoseli kwa mzazi mmoja tu, anaibeba ila haumwi, na anatoa. Mtoto wa kwanza kabisa kupona sikoseli kwa kupandikizwa alikuwa binti wa miaka 8, taarifa yake ilitoka 1984 hospitali ya St. Jude kule Memphis, Marekani, na wala hawakumpandikiza kwa ajili ya sikoseli, alikuwa na saratani ya damu. Aliyempa uloto ni mdogo wake wa kiume, na huyo mdogo wake alikuwa AS. Saratani ikaisha, na sikoseli nayo ikaisha.